Papa Hubert Apanga Mstari

Wiki ile yote Papa Hubert hakutulia. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, anatafuta kiti. Mkewe, Mama Marthe, alimwekea pondu, yale majani ya muhogo, na samaki, akala matonge mawili akaenda kusimama mlangoni kuutazama mto. Mama Marthe akamwambia akiendelea kuzunguka hivyo atachimba shimo sebuleni. Papa Hubert hakucheka.

Jumapili baada ya misa watu wa kivuko walikuwa wachague mwenyekiti, na mwenyekiti, tangu kivuko kiwe na mwenyekiti, ni yeye.

Huyu Hubert ni mtu wa Yanonge, mtoto wa wavuvi, aliyesomeshwa kwa taabu hadi akawa mwalimu wa elimu ya uraia katika sekondari moja ya mjini. Nyumba yake iko Lubunga, ukingo wa kushoto, kwa hiyo kila asubuhi huvuka mto Kongo kwa mtumbwi wa injini, mkoba kwapani, viatu vimepigwa rangi. Zamani wenye mitumbwi waligombania abiria pale kivukoni, beach kama wenyeji wanavyopaita, hadi kusukumana majini. Yeye ndiye aliyewakalisha chini akatunga sheria ya zamu, au tour kama wanavyosema wao: mtumbwi uliofika kwanza unapakia kwanza, na abiria aliyefika kwanza anapanda kwanza. Ilikuwa sheria nzuri, tuseme ukweli. Watu wakampa uenyekiti, na juu yake heshima moja ndogo: Papa Prof hapangi foleni. Akitokea tu, njia inafunguka, anapanda. Miaka ikapita, akasahau kwamba hiyo ilikuwa zawadi.

Maneno yalianza siku Juma, kijana mwenye mtumbwi, aliporuka zamu. Papa Hubert alimkamata mwenyewe, akamhukumu papo hapo, akamfukuza kazi ya kivuko mwezi mzima. Kwenye kikao kilichofuata alisimama Chimène. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, sasa ana mtumbwi wake na injini yake, mwanamke wa sauti ya chini asiyerudia neno.

"Papa, ni wewe ulitufundishaka," alisema. "Mwenye kufanya sheria, mwenye kuitumikisha na mwenye kukata kesi, hawa ni batu tatu. Donc, hapa kwa beach, mbona iko mutu moja tu? Tufanye élection."

Watu wakatazama miguu yao. Papa Hubert akakubali. Angefanyaje, na somo ni lake? Ila aliweka sharti. Chimène aliomba karatasi na sanduku. Yeye akasema masanduku yana maneno mengi, afadhali mstari: anayemtaka Hubert asimame nyuma ya Hubert, anayemtaka Chimène asimame nyuma ya Chimène, kila jicho lione. Wakapiga makofi. Wazi kabisa, walisema, hakuna wizi.

Lakini mjanja yule alijua alichokifanya. Kwa watu wa mto, nani atampa mgongo mtu anayemwita papa mchana kweupe? Nani, wakati Papa Hubert alisimama naye msibani, au alimfundisha mtoto wake kusoma? Alijua ameshinda kabla ya Jumapili kufika, na ndiyo maana hakutulia. Mtu aliyeshinda kwa haki hulala.

Ijumaa akaingia darasani, na somo, kama kwa makusudi, lilikuwa asili ya serikali yetu. Akawaeleza Wagiriki wa Athene, walioinua mikono uwanjani, wanawake na watumwa wakiwa wameachwa nje, ingawa katika mahakama zao waliamua kwa vidude vya shaba ili isionekane nani kasema nini. Akawaeleza mabwana wa Uingereza waliomlazimisha mfalme kukiri kwamba naye yuko chini ya sheria. Akaja kwa Wafaransa waliochoka na mfalme wakagawa madaraka. Kisha akaongeza lile analoliongeza kila mwaka kwa majivuno, kwamba kule kwao mtoni chifu hakukata kesi peke yake: wazee walikaa naye, na yeye alisema mwisho. Akamalizia na sheria ya mwaka 1960 iliyoandikwa Ubelgiji, na katiba ya leo iliyopitishwa kwa kura za Wakongo wenyewe, inayosema kura ni ya siri.

Exaucée, msichana wa dawati la mbele, akauliza kwa nini siri, kama mtu hana la kuficha. Akamjibu vizuri sana: maskini anakula kwa mkono wa mwingine, na mkono huo ukiona kura yake, anachagua kwa woga.

"Na juu ya heshima, prof?" akauliza Exaucée. "Mutu akichagua sababu ya kuheshimu, hiyo si woga?"

Akageukia ubao. Akawaambia waandike tarehe.

Jumapili ikafika, jua kali, kivuko kimejaa. Papa Hubert akasimama upande wa mitumbwi, Chimène upande wa vibanda vya samaki. Watu wakaanza kusogea, na wote walisogea upande mmoja. Juma aliyefukuzwa akaja nyuma ya Papa Hubert. Mama mzazi wa Chimène akaja nyuma ya Papa Hubert, kitenge amekivuta usoni. Mstari ukafika hadi barabarani. Kule kwenye vibanda Chimène alikuwa peke yake, mikono nyuma, akitazama mbele kama mtoto aliyeadhibiwa.

Papa Hubert aliona haya. Haya ile ilimpanda kutoka miguuni, na miguu ikaondoka kabla hajaamua. Alivuka uwanja akaenda kusimama nyuma ya Chimène. Kisha Juma akamfuata. Akafuata mama mwenye kitenge. Wakafuata wote, kwa zamu, bila kurukana, mpaka mstari mzima ukawa nyuma yake tena, upande wa pili.

Alitaka kucheka, akashindwa. Chimène aligeuka, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini:

"Papa, wende kwa nyumba. Ukiwa hapa, ni wewe tu tutachagua."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Akaagiza waweke kapu ndani ya kibanda cha samaki, mtu aingie peke yake, atie punje ya mahindi kwa Chimène, au kokwa ya ngazi, yaani ya mchikichi, kwake yeye. Akaondoka, na njiani alitamani kila hatua kugeuka.

Nyumbani alizima simu. Mama Marthe alipotaka kwenda kuuliza matokeo, akamzuia. Akazunguka sebuleni mpaka giza.

Jumatatu asubuhi akashuka kivukoni na mkoba wake. Foleni ilikuwa ndefu. Akatembea kuelekea mbele kama siku zote, na njia haikufunguka. Penye mtumbwi alisimama Chimène akipakia wamama wa soko, nao wakimwita mwenyekiti.

"Bonjour, Papa Prof," alisema kwa adabu. "Tour iko ya ba mama. Wewe iko nyuma."

Alifungua mdomo kutaja sheria ya kivuko, akakumbuka ni nani aliyeitunga, akaufunga. Akarudi akipita uso kwa uso na watu wote, mpaka mwisho wa foleni, nyuma ya Juma, ambaye bado alikuwa amefungiwa kupakia na alivuka kama abiria. Juma akajibana pembeni, akainamisha kichwa, akamwonyesha nafasi yake. Papa Hubert aliitaka nafasi ile, wallahi aliitaka, kengele ya shule ilikuwa karibu kulia.

"Hapana," akasema. "Iko yako."

Mtumbwi wa kwanza ukajaa, ukaondoka bila yeye. Aliutazama ukikata maji, ana hasira, na anaona haya kwamba ana hasira. Mbele yake Juma akasogea hatua moja. Naye akasogea.