Bonde la Mvuke, Mali ya Wote

Naliaka alikuwa mchoraji wa mabango mjini Nakuru, mjukuu wa mtu wa reli, lakini kazi aliyoipenda haikuwa mabango. Alikuwa amebuni nchi nzima. Aliiita Bonde la Mvuke: ardhi inayofuka moshi kwenye nyufa, ziwa linalopanda na kumeza vijiji, na watu wanaogombea nyanda za juu. Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa mtaani Section 58, marafiki zake walizunguka meza, kila mmoja akawa mtu fulani wa bonde hilo, wakarusha dadu na kuamua pamoja yatakayowapata.

Aliyeipenda nchi hiyo kuliko wote alikuwa Ephantus, fundi wa pampu, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Akiwa mtoto, familia yake ilichomewa nyumba kule nyanda za juu wakati wa fujo za uchaguzi. Hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Ila Jumamosi moja mchezo ulipofika nyanda za juu, naye akiongea kama mchungaji wa mbuzi aliyekuwa akimwigiza, alianza kusimulia habari za mwanamke aliyeukimbia moto na sufuria ya uji kichwani. Hakubeba nguo wala blanketi. Alibeba uji, kwa sababu watoto wangeamka na njaa popote pale ambapo wangefika.

Wote mezani walielewa ni mama wa nani.

Baadaye Naliaka, aliyekuwa akiandika kitabu cha mchezo huo, alimwuliza, "Naweza kuiweka kwa kitabu?"

"Weka."

"Ephantus, hiki kitabu kitakuwa huria. Leseni yake inaruhusu mtu yeyote kukitumia, kukibadilisha, hata kukiuza, bora ataje majina yetu. Na nikishakitoa, siwezi kurudi nyuma."

"Si hiyo ndiyo poa? Wacha iende. Watu wacheze, wajue."

Naliaka aliiamini leseni hiyo kwa moyo wote. Alikuwa ameona michezo ya ng'ambo iliyofungiwa kwa hakimiliki kiasi kwamba unaogopa hata kuongeza kilima kwenye ramani zake. Bonde lake hakutaka liwe na geti. Aliliweka mtandaoni, na kwa muda mambo yakawa matamu: watu asiowajua wakaongeza masoko, nyimbo, hata samaki wa ajabu ziwani. Aliwaonyesha wenzake kila kitu kipya kama mzazi anayeonyesha picha za mtoto.

Kisha Fancy, mmoja wa wachezaji, aliingia ukumbini akiwa ameshika simu, na hakusalimia mtu.

Kulikuwa na toleo jipya la mchezo. Aliyelitengeneza aliitwa Peterson. Ramani ilikuwa ileile ya Naliaka, mvuke uleule, lakini sasa wachezaji ndio waliokuwa wachomaji. Kazi yao ilikuwa kuzisafisha nyanda za juu, na kila nyumba iliyoteketea iliwaongezea nguvu. Mwanamke wa sufuria alikuwemo. Aliyemwahi kabla hajaufikia msitu alipata zawadi.

Ephantus aliomba simu, akasoma bila haraka. Alipomaliza aliirudisha, akachukua koti lake, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Naliaka alimpigia Peterson. Alitarajia mtu wa matusi, akakuta sauti ya adabu kabisa.

"Madam, mimi ni fan yako. Jina lako nimeliweka ukurasa wa kwanza, na la Ephantus pia. Leseni si ni yako?"

"Huyo mama ni mtu wa kweli!"

"Kwa kitabu haijaandikwa hivyo. Na sijataja kabila la mtu. Ni game tu."

Alikwenda kwa Kimberly, wakili mwenye ofisi mtaa wa Milimani. Kimberly aliyasoma masharti yote, akavua miwani.

"Uliufungua mlango vizuri sana, dada. Hakuna pa kumshika. Kile unachoweza kudai ni kwamba atoe majina yenu, isionekane mnamuunga mkono. Hicho atalazimika kufanya."

"Na mchezo?"

"Mchezo utabaki."

Basi akadai hicho. Peterson aliyatoa majina siku hiyohiyo, bila ubishi, na hata akamshukuru. Toleo lake liliendelea kusambaa. Kabla ya muda mrefu mtu mmoja alimwandikia Naliaka akimshutumu kwamba bonde lake ameliiba kwa Peterson. Jumamosi walijaribu kucheza, lakini kila walipokaribia nyanda za juu mmoja wao alikumbuka ana shughuli mahali. Mwishowe waliurudisha ufunguo wa ukumbi.

Ephantus alikuwa amehamia mji mdogo wa Kamere, akitengeneza pampu kwenye shamba la maua. Naliaka alimfuata. Alimkuta nje ya geti wakati wa mapumziko, mikono imejaa grisi, naye akamkaribisha kama mgeni wa heshima: safari ilikuwaje, watu wa nyumbani wazima? Adabu hiyo ilimuumiza kuliko kelele.

"Nisamehe," alisema.

"Uliniuliza, Naliaka. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala."

"Angalau nimefaulu kitu kimoja. Ametoa majina yetu."

Ephantus alimtazama. "Hata langu?"

"Hata lako."

Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Hapo pembeni ya mama ndipo jina langu lilikuwa," alisema. "Saa hii yuko huko na hao watu, na hana mtu wake hata mmoja."

Honi ya shamba ililia. Ephantus alimtakia safari njema, akarudi ndani kwa pampu zake.