Mbwa wa Siku ya Saba

Mimi ni mwanamke, mama wa watoto watatu, lakini Bukiriro nzima inaniita bwana mifugo. Nimechoka kusahihisha. Cheo kilifika kijijini kabla yangu, nami nikakivaa hivyo hivyo.

Mwaka ule halmashauri ilipatana na chama kidogo cha kutetea wanyama. Mbwa wanaozurura wasipigwe risasi tena, ila wakamatwe na kuwekwa kwenye banda la zamani la josho. Sisi tutoe banda na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chama kilete chakula na dada mmoja mchangamfu wa kuwatunza. Mbwa akimaliza siku saba bila kuchukuliwa na mwenyewe, nimchome sindano ya kumuua. Kipengele hicho nilikikubali bila kusita. Niliamini hakuna mbwa atakayefika siku ya saba.

Kumbe sikuwajua watu wangu. Tulitangaza kanisani baada ya misa: kila mwenye mbwa ajitokeze. Hapo ndipo tulipoharibu. Huku kwetu mtu akiambiwa na ofisi ajitokeze, anajua kuna kosa linamsubiri. Na mbwa anayekula kuku wa jirani hana mwenyewe, hata kama amelala mlangoni kwako tangu utotoni.

Ikabidi dada wa chama apite nyumba kwa nyumba, acheke na watu, awabembeleze. Mmoja mmoja wakaja kuwachukua mbwa wao. Akabaki jike la kahawia, sikio limechanika, tulilolikamata sokoni.

Kila asubuhi mzee mmoja Msukuma, mhamiaji kutoka Shinyanga, alipitisha ng'ombe wake karibu na banda. Mbwa akimwona, mkia ulitaka kung'oka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mifugo. Huyo amekula?"

"Amekula. Ni wako?"

"Aa! Nauliza tu."

Siku ya sita uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia, "Mzee, kesho saa nne namchoma, afe. Unanisikia?"

Akamrudisha ng'ombe mmoja kundini kwa fimbo. "Kuna mama jirani yangu," akasema taratibu. "Kuku wake watatu wameliwa. Nilipohamia hapa, ndiye aliyenionyesha kisima. Nikisema mbwa ni wangu, nitamtazamaje usoni?"

Jioni ile niligombeza kila mtu nyumbani, hata sufuria.

Siku ya saba nilifika mapema, dawa tayari mfukoni. Dada wa chama alikataa kunisalimia, na sikumlaumu, nilijichukia mwenyewe. Mzee naye alikuwa amesimamisha ng'ombe wake pembeni, anajifanya anakagua kwato.

Saa tatu na nusu akatokea mama mmoja mbio mbio, jembe begani. Ndiye mwenye kuku. Nikajua amekuja kuhakikisha sheria inafuatwa.

"Bwana mifugo, mbwa wetu yuko wapi? Nyani wananimalizia mahindi!"

"Mama, si ndiye aliyekula kuku wako?"

"Kuku watatu! Nyani wamekula nusu shamba tangu mlipomchukua!"

Mzee akaacha kwato. "Wetu?" akauliza.

"Wewe unamlisha, mzee wangu, mimi ananilindia shamba. Sasa ni wa nani?"

Fomu yangu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Nikabananisha mawili. Mama akaandika lake kwa madaha, mzee akaweka dole gumba, kisha akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Basi, mama, mbwa wako amekula kuku wako."

Mama akasonya, halafu akacheka kumshinda.

Dada wa chama alimshika mbwa kichwa, mimi nikamchoma. Wakaondoka pamoja, ng'ombe mbele, mzee na mama wakibishana nyuma, mbwa akizunguka miguuni mwao bila kamba. Nilifuta machozi waziwazi, nani wa kunizuia? Siku ile nilichoma sindano moja tu, nayo ilikuwa ya chanjo.