Miaka ya Kuazima

Hamimu alikuwa fundi wa giaboksi, na fundi wa giaboksi haulizwi umri. Anaulizwa gari litatoka lini. Ndiyo maana alipokimbia vita kutoka Rumonge na kufika Buyenzi na begi lake la spana, hakuna aliyemuuliza. Himid, mwenye gereji ya avenyu ya kumi na nne, alimpa nafasi chini ya bati na mahali pa kulala nyuma ya matairi, yakaisha.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa Valéry, shefu wa mtaa. Wakati ule kila mwanamume mwenye nguvu alitiwa kwenye rondo, doria ya kulinda mtaa usiku kwa filimbi na fimbo. Wazee tu ndio waliosamehewa. Hamimu alikuwa na miaka sitini, mvi zilimwahi, na usingizi aliupenda kuliko pilau.

"We muzee, una miaka ngapi?" shefu akauliza.

Hamimu akainama kidogo, akashika kiuno. "Mwanangu, nani alihesabu? Mi najua tu Wabelgiji walipoingia nilikuwa naokota kuni. Mjerumani mumoja alikimbia akaacha buti. La kushoto. Mama akawa anawekea chumvi."

Wabelgiji waliingia mwaka wa kumi na sita, na huu ulikuwa wa tisini na sita. Shefu akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaomba radhi na kumletea kiti. Nanyi msimwite Hamimu mwongo mkavu: hadithi ya buti ilikuwa ya kweli tupu. Ila ilikuwa ya baba yake.

Uzee wa kuazima una raha zake. Kwenye harusi alikaa mbele na kupakuliwa wa kwanza. Maji alichotewa. Alitembea na mkongojo, na mgongo aliunyoosha akiwa chini ya gari peke yake, kama mtu anayevua viatu vinavyobana.

Habari za buti zikafika kwa Mzee Ilyas. Huyu alikuwa na tisini za kweli. Alizaliwa Rumonge, akahamia Bujumbura kijana, na rika lake lote alishalizika. Aliposikia kuna mwenzake aliyewaona Wabelgiji wakiingia, alimwita, akampa kikombe cha kahawa, na toka hapo kila siku baada ya alasiri wawili hao walikaa kibarazani.

"Rika langu," Ilyas alikuwa akisema, "niambie tena za lile buti."

Na Hamimu alisimulia, kila mara akiongeza tundu moja kwenye soli.

Sasa Mzee Ilyas alikuwa na binti, Nafisa, mjane wa miaka hamsini, mwenye mdomo mkali na chapati laini. Kila asubuhi alipita gereji na birika la chai ya tangawizi. Akimwona bado yuko kona ya mbali, Hamimu alianza kujifuta grisi. Hata mkongojo alisahau. Na Nafisa alipofika alimmiminia chai, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Salama, baba mudogo?"

Hilo neno lilimchoma kuliko radieta. Rika la baba ni baba. Ukiwa umechunga mbuzi na baba yake mtu, mtu huyo ni mwanao, na mwana haolewi na baba. Hamimu alijifungia mlango mwenyewe, ufunguo akautupa nje.

Miaka miwili ikaenda hivyo, mpaka alipokuja Daktari Sylvère wa chuo kikuu. Huyu alisomea Ubelgiji, na kazi yake ilikuwa kutafiti kinachomzeesha mtu: kwa nini mmoja presha, sukari na kusahau vinamkuta na sitini, na mwingine ana tisini anatafuna muwa. Alitaka kupima damu za wazee wa Buyenzi. Kijana mzuri, mpole, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akasimama mlangoni akasema, "Wazee wangu, mi natafuta dawa ya wazee."

Mzee mmoja akamgeukia jirani yake. "Dawa ya panya inafanya nini?"

"Inaua panya."

"Na dawa ya mbu?"

"Inaua mbu."

Hakuna aliyengoja la tatu. Walioingia kwa kujikokota walitoka wakiwapita vijana, na viatu vingine vilibaki pale hadi Jumapili. Walisalia wawili: Ilyas, ambaye sikio lake lilikuwa zito, na Hamimu, ambaye Ilyas alikuwa amemshika mkono.

Basi daktari akawahamia hao, palepale kibarazani. Akawatoa damu, akawapima presha, akawapa chuma cha kubana kwa kiganja, akawaambia wakae na kusimama bila kujishika. Hamimu alibana chuma kikalia. Daktari akatazama mshale, akamtazama mtu.

"Muzee Hamimu, miaka themanini na minane kweli?"

"Ndivyo wanavyosema."

Daktari akakaa chini. Akaanza kueleza kwa furaha. "Muzee, we ni fundi, utanielewa. Mwili ni gari linalojitengeneza lenyewe. Ndani mna mafundi wadogo wadogo, kila siku wanaziba, wanabadilisha. Uzee ni mafundi hao wanapochoka, vyuma vibovu vinabaki ndani. Wako hawajachoka. Nataka kujua wanakula nini."

"Ndagala," Hamimu akajibu. Ilibidi aseme kitu. "Wenye chumvi nyingi."

Kufikia Jumatatu dagaa hao waliadimika sokoni.

Daktari akarudi na habari: anataka kumpeleka Hamimu mbele ya madaktari wenzake, aeleze maisha yake. Hapo Hamimu akaona mambo yanafungwa nati ya mwisho. Akishasimama kule na miaka themanini na minane, atazikwa nayo, na Nafisa atalia msibani, "Baba mudogo." Akamtuma Himid akapeleke posa, ajaribu bahati.

Himid akarudi akijikuna. "Muzee Ilyas amesema: rika langu ana homa? Mupe panadoli."

Alasiri ile kibaraza kilijaa. Daktari alikuja kumchukua mtu wake, shefu Valéry amevaa koti kwa heshima ya sayansi, Nafisa anamimina kahawa. Hamimu akaweka mkongojo chini, akanyooka. Watu wakashangaa urefu wake.

"Mi nina sitini na mbili," akasema. "Buti aliliokota baba yangu. Mi niliogopa rondo. Na Nafisa si mwanangu, na sitaki awe."

Shefu Valéry akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Rondo ni kesho. Filimbi utaikuta kwangu."

Daktari hakukasirika. Alifungua tena vipimo vyake, akasoma kimya, uso ukabadilika. "Sitini na mbili? Basi muzee... samahani, bwana Hamimu, hii presha kwa themanini na minane ni ajabu ya Mungu. Kwa sitini na mbili wewe ni mgonjwa wangu. Utakunywa vidonge, na hao ndagala wa chumvi uache kabisa." Halafu akamtazama Ilyas, kama mtu aliyekuwa akitafuta kofia iliyo kichwani. "Na we baba, miaka yako ni yako?"

"Ni yangu, nimeilipia yote," Ilyas akasema. Akamgeukia Hamimu. "We mutoto wa Mbaruku."

Hamimu akashtuka. "Ulijua jina la baba?"

"Buti lile Mbaruku aliliokota mbele yangu. Tulipigana, akanishinda. Siku ya kwanza uliposema la kushoto nikajua we ni nani. Lakini toka Mbaruku afe, nani alikuwa amenitajia buti? Nikasema, acha mutoto aongee."

Hamimu akaokota mkongojo, akauweka tena chini.

"Ila sasa," Ilyas akaendelea, uso mkavu, "Mbaruku ni rika langu. Rika langu ni ndugu yangu. Kwa hiyo we ni mwanangu, Nafisa ni dada yako. Posa imekufa tena."

Hamimu akakaa kwenye ngazi kama giaboksi lililoanguka.

Nafisa aliweka birika chini. "Apana, baba. Hesabu yako imeruka jino. Mutoto wa ndugu ya baba haitwi kaka. Anaitwa binamu." Akatazama pembeni. "Na binamu ni nyama ya hamu, si ndiyo munavyosemaga wenyewe?"

Mzee Ilyas alicheka mpaka daktari akamshika mapigo ya mkono.

Walioana baada ya Mfungo. Hamimu alipiga filimbi ya rondo kama wenzake, mgongo umenyooka, na akila nyumbani alilalamika mboga haina ladha.

"Chumvi iko kwenye buti," Nafisa alimjibu. "Kamuulize baba yako."