Jogoo Aliyebaki Kwenye Wimbo

Watu wakijua baba wa mtoto wangu ni nani, huniuliza kama najivunia. Huwa nawaambia nina nguo za mtoto za kufua, waniache.

Alianza kuimba na wenzake wawili, Makongeni, kwenye nyumba za reli. Walirekodi chumbani kwa mmoja wao, blanketi zimepigiliwa misumari ukutani ili kelele za bombani zisiingie. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mwandiko wangu mzuri, kwa hivyo mashairi yao niliyaandika mimi, daftari juu ya goti. Wimbo wao wa kwanza kuvuma ulihusu foleni ya maji. Wa pili ulihusu mama wa chapati aliyekataa kuolewa. Watoto wa mtaa mzima walijua kila mstari. Hizo sizikosoi. Zilikuwa zetu.

Kisha kundi likavunjika, akaanza kuimba peke yake. Akachanganya rapu na taarabu, akaingia benga, akaweka hadi kwaya ya kanisa. Redioni akiulizwa anaimba muziki gani, anajibu, "Mimi naimba kila kitu." Kila kitu, kweli. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba, na katika hicho kila kitu sikuwemo.

Babu alipofariki, nilienda mazishi huko magharibi. Alfajiri nyanya, mkewe, alisimama mlangoni akamwimbia wimbo wa msiba. Kwetu wimbo ule hauimbwi ovyo. Ukiusikia unaacha jembe shambani, unakimbia kuuliza ni nani ametuacha. Nilimrekodi kwa simu. Katikati ya wimbo jogoo akawika. Nikamtumia baba mtoto, kwa sababu bado tulikuwa tunapendana, au mimi nilikuwa napenda. Mwaka uliofuata nyanya naye akamfuata babu.

Sasa naishi Kware, ghorofa ya tano, na mama ndiye hukaa na mtoto nikiwa saluni. Jumamosi moja asubuhi jirani wa chini, mama mmoja Mswahili, akanipigia simu. "Mwanangu, rudi nyumbani. Pole sana. Kuna msiba."

Nilipofika, kitanda changu kimejaa wanawake. Jirani ameleta chupa ya chai, mwingine mandazi. Mama yuko sakafuni, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

"Ni nani, mama?"

"Sijui! Hawataki kuniambia!"

Alikuwa anafua pale nje, akasikia wimbo ule wa msiba ukitoka duka la chini. Akaangusha beseni, akapiga nduru. Alikuwa amewapigia watu wote nyumbani, na kila mtu ni mzima. Akaona wanamficha.

Ndipo mwenye duka akaurudia. Ngoma, gitaa, rapu, halafu sauti ya nyanya yenyewe. Hata jogoo yumo.

"Huyo ni mama yangu," mama akasema polepole.

"Si ulituambia mamako ni marehemu?" jirani akauliza.

"Ndiye huyo."

Mwanamke mmoja alikuwa ameanza kutingisha mabega kufuata ngoma. Akaacha.

Nilitoka nje nikampigia baba mtoto.

"Niaje, mama mtoto!"

"Toa huo wimbo."

"Ai, umeuskia? Watu wanalia wakiuskia, nakwambia!"

"Mamangu amelia mpaka majirani wameleta chai."

"Unaona!" akasema, kwa furaha kabisa.

Nilikata.

Mama akaamua mwizi wa sauti ile ni dada yake mdogo, kwa sababu siku ile ya mazishi alishinda na simu mkononi. Akampigia, akamtukana, akaapa hatakanyaga kwake tena. Nami nikanyamaza. Siku tisa. Sitajipamba: nilihofia atafunga virago, na sina mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Nilikuwa narudi jioni miguu imevimba, nawasha jiko, simwangalii usoni.

Siku ya tisa mtoto alikuwa anachezea vifuniko vya soda, akauimba. Mama akamziba mdomo kwa kiganja. "Wewe! Unamwitia nani kifo?"

Hapo nilishindwa. "Mama, ni mimi nilimpa."

Hakunitukana. Alifuta mikono kwa leso. "Na ile rekodi yako iko wapi? Ile haina ngoma."

Nilikuwa nimeifuta. Simu ilijaa, na zilizojaa humo ni nyimbo za baba mtoto.

Mama akampigia dada yake, akamwomba msamaha kwa lugha ya kwetu, nimesimama palepale kama mtoto wa shule. Kisha akanigeukia. "Mpigie tena huyo kijana. Usimwambie atoe. Mwambie anirudishie mama yangu."

Nilimpigia. Alisema iko kwa kompyuta fulani, ya prodyuza fulani, ataitafuta. Ni miezi mitatu sasa. Bado anatafuta.

Virago mama hajafunga. Lakini duka la chini likiucheza, anaacha nguo majini, anashika chuma cha ngazi, anavumilia maneno ya yule mjinga mpaka nyanya aingie. Jogoo akishawika, anarudi kufua. Mimi kazi yangu ni kumshika mtoto asicheze.