Ekari Mbili Nilizozipigania

Baba mdogo aligawa shamba la marehemu baba yangu kwa dakika chache tu. Ekari kumi, hapa Machochwe, udongo ambao ukitupa mbegu hata kwa hasira inaota. Akasema kuanzia kwenye safu ya mikonge kwenda mtoni ni la kaka yangu mkubwa, na kuanzia kwenye mikonge kwenda upande wa hifadhi ni la mdogo wangu wa kiume. Mama angeendelea kulima kipande cha nyuma ya nyumba yake mpaka afe. Wazee wa ukoo wakaitikia, wengine wakaanza kutafuta fimbo zao waondoke.

Nikauliza, "Na mimi?"

Wakacheka. Siyo kwa ubaya, walicheka kama mtu anayesikia mtoto akiuliza jua linalala wapi. Baba mdogo akasema, "Binti yangu, wewe una kwa mume wako. Toka lini mwanamke akagawiwa shamba kwao?"

Sina mdomo wa kubembeleza, wauguzi wenzangu huko Tarime watakwambia. Nikasimama. Nikawaambia ng'ombe wa mahari yangu ndio kaka aliowatumia kumwoa mke wake, yule aliyekuwa anatugawia uji pale, kwa hiyo wasinifundishe nani kala cha nani. Halafu nikasema neno ambalo mpaka leo natamani lingenikwama kooni. Nikasema, "Baba alikuwa Mwislamu. Mlimzika kwa sanda. Basi na arithiwe kwa dini yake."

Baba alisilimu akiwa kijana, alipokuwa kibarua dukani Musoma. Mama alikuwa tayari ni mke wake. Sisi watoto watatu tulilelewa katika dini ya baba, ingawa kaka msikiti anaujua siku ya Idi tu. Ukoo mzima uliobaki, baba mdogo akiwemo, haumo. Mimi nilikuwa nimeambiwa na muuguzi mwenzangu, mama wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, kwamba katika mirathi ya Kiislamu binti ana nusu ya anachopata kaka yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Nusu! Kwa mtu aliyepangiwa sifuri, nusu ni karamu.

Kaka akasema, "Haya, mlete huyo sheikh wako."

Nikamleta. Nilimtoa Bomani, mtu mzima, mpole, amebeba daftari la shule. Akasalimia wote, akaamkia wazee shikamoo hata wale ambao hawakuipokea vizuri. Akauliza marehemu ameacha nani. Nikajibu mimi, mbio mbio: mke mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike mmoja. Akaandika. Akasema mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anaanza na sehemu moja ya nane, kisha inayobaki ndiyo ya watoto.

Jamani, nilivyofurahi! Nilimgeukia mama na kichwa juu. Kwa mila angelima kwa kuvumiliwa. Sasa angekuwa na ardhi yake mwenyewe, ya kulima, ya kukodisha, hata ya kuuza akipenda. Nilijiona mimi ndiye mtoto pekee aliyemzaa.

Ndipo sheikh akauliza, kwa sauti ileile ninayotumia mimi kumuuliza mgonjwa kama kuna dawa inayomdhuru, "Samahani, mama ni Mwislamu?"

Mama ni Msabato. Kila Jumamosi alikwenda kanisani na baba hakuwahi kumzuia. Kila Ramadhani ndiye aliyeamka kumpikia baba daku. Na baba alipopooza, kwa miaka mitatu ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamshikia bakuli la kutawadhia. Nilimkonyeza. Ndiyo, nilimkonyeza mama yangu adanganye, na nisingeona haya kukonyeza mara ya pili.

Mama akasema, "Baba sheikh, mimi nimebatizwa. Siwezi kumkana Yesu kwa ajili ya shamba."

Sheikh akaweka kalamu chini. Akaeleza taratibu, na nilimwona hafurahii, kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Akauliza kama marehemu alimwandikia mama wasia, maana hilo liliruhusiwa, hadi theluthi ya mali. Wasia! Nani Machochwe anaandika wasia akiwa hai? Watu watasema unakiita kifo. Basi akatuambia sisi warithi tunaweza kumpa mama kwa hiari yetu, na ni jambo lenye thawabu kubwa.

Nikasema haraka, "Basi apewe kile kipande chake cha nyuma ya nyumba, kama baba mdogo alivyosema."

"Hicho kilikuwa cha mila," kaka akasema. "Mila si umeikataa? Dada, ulitaka kitabu, kitabu ndicho hicho."

Mlevi yule! Nilimtukana matusi ambayo siyaandiki. Nikamgeukia baba mdogo atusemee, yeye ambaye nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wazee wenzake. Akainuka, akajikung'uta suruali. "Kwa mila ningemkingia mama yenu kifua," akasema, "na huyu kijana, huyu mura, angenisikia, apende asipende. Lakini mmenitoa. Mimi kwenye dini yenu ni nani?" Akaondoka.

Tukapima kwa kamba, tukapiga kura. Kaka ekari nne, mdogo wangu nne, mimi mbili. Kipande cha nyuma ya nyumba kiliangukia kwa kaka. Nyumba alimwachia mama, tena akataka asifiwe. Msimu ulipofika maksai wake walilima hadi ukuta wa jiko, na mihogo ya mama aliyokuwa bado hajaichimba ikageuzwa na plau. Mdogo wangu alisema yeye hagombani na kaka. Nadhani huyo ndiye ninayemchukia zaidi.

Ekari zangu mbili ziko mwisho kabisa, upande wa hifadhi, tembo wanakopita. Nilimwambia mama, chukua zote, ni zako. Akakataa katakata. Akasema ni haki yangu, niliipigania mbele ya wanaume, asingeninyang'anya. Analima pale, lakini kwa kuazima. Zamani akitoka jikoni yuko shambani, sasa anavuka shamba zima kwenda na kurudi, na magoti yake mnayajua magoti ya mama wa umri ule.

Mvua za mwaka huu zilipoanza alinipigia simu nikiwa kazini. Nilidhani anaumwa.

"Mwanangu, naomba ruhusa nipande mtama kwenye shamba lako," akasema. "Kama una mpango nalo mwingine niambie tu, sitakasirika."

Hakuwa ananisuta. Afadhali angenisuta. Nikamwambia, "Mama, panda. Panda unachotaka."

"Asante sana," akaniambia mama yangu. "Mungu akubariki. Nikivuna nitakuletea chako."