Sakafu Yangu ya Udongo wa Bondeni

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Wenzangu hapa Msambweni husomba udongo mwekundu mlimani. Mimi mjuaji nilijazia sakafu udongo mweusi wa bonde la mpunga, mkavu, mwepesi kama pamba. "Hata Bwana DC hana sakafu laini hivi," nikatamba.

Masika ilipoanza maji yakapenya chini, udongo ule ukaanza kugeuka tope, na wakwe zangu wakaja kututazama. Mara nyumba nzima ikanuka mayai viza. Nikamkaripia mke wangu kwa kuweka mayai yaliyooza, mbele ya mamake, ambaye ndiye aliyetuletea mayai.

Kiti cha baba mkwe kilikuwa kikididimia taratibu, na kila kikididimia harufu ilizidi. Magoti yalipomfika kidevuni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hayo mayai umeyafukia humu chini?"