Mlima wa Kutoka Amsterdam

Eliakim alikuwa kiongozi wa watalii pale Marangu, na kama mwenyewe anavyokiri akijicheka, ugonjwa wake ulikuwa kudhani dunia nzima ni mlima. Ukimuuliza Bomang'ombe ni mbali kiasi gani, angetaka kujua kwanza kama unapanda au unashuka. Hakuwahi kukanyaga ndani ya ndege, ila kwa habari za ndege hakuna aliyemfikia kijijini.

Ujuzi huo aliupata kwa watalii. Kila kundi aliliuliza liliondoka saa ngapi na kufika saa ngapi, na kila mara safari ya kuja ilionekana ndefu kuliko ya kurudi. Jirani yake, Mwalimu Aristides, alijaribu kumweleza kwamba saa za Amsterdam ziko nyuma ya zetu. Eliakim akamwonea huruma. Ulaya, pamoja na maendeleo yote yale, iwe nyuma ya Marangu? Yeye alikuwa na jibu lake: mlima uko huku, kwa hiyo anayekuja anapanda na anayerudi anateremka.

Mwaka 1998 binti yake Hellen akapiga simu kwenye ofisi ya usharika wa kanisa. Amemaliza masomo ya uuguzi, anarudi. Ndege ingeondoka Amsterdam Ijumaa saa nne usiku. Ni kilomita karibu elfu saba, saa nane hewani. Kisha simu ikakatika.

Siku Hellen alipoondoka, miaka sita nyuma, Eliakim alikuwa juu na watalii. Angeweza kumwachia mwenzake kundi lile, hakufanya hivyo, na mtoto akaondoka bila kumwona baba. Safari hii aliapa kwamba uso wa kwanza atakaouona Hellen mlangoni uwe wake.

Akapiga hesabu. Saa nane lazima ziwe za kuteremka; kupanda huchukua zaidi. Tena, mtoto wa Kichagga hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, na mwenye mizigo hupanda polepole. Akahitimisha: Jumamosi, saa sita mchana. Mkewe, Gladys, alimsihi watoke alfajiri wakasubiri huko huko. Alimjibu kwa upole wa mtaalamu kwamba hana muda wa kwenda kukodolea macho anga tupu.

Walifika uwanja wa ndege wa KIA saa tano na nusu, Eliakim akijisifu kwa kuwahi. Mlango wa kutokea abiria ulikuwa kimya. Nje alikuwapo mtu mmoja tu, ameketi juu ya sanduku, khanga mabegani. Ndege ilikuwa imetua tangu saa mbili asubuhi.

"Shikamoo, baba," Hellen alisema. "Wenzangu wote wamepokelewa. Nikajua umeenda tena mlimani."

Eliakim alikuwa na maelezo ya mwinuko, ya mizigo, hata ya upepo. Aliyaacha yote. Akatoa ndani ya koti jani la isale alilokata asubuhi pembeni mwa kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, jani ambalo Mchagga hulishika akienda kuomba radhi, na anayeletewa hawezi kulikataa.

"Nimekosea hesabu, mwanangu," alisema. "Ya leo, na ya siku ile ulipoondoka."

Hellen akalipokea kwa mikono miwili, akamwegemea baba yake kifuani, akalia.